Mgongo Nilioupinda kwa Ajili ya Picha

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mimi ni mwanamume wa kulialia, kila wiki balaa jipya. Anauliza ni lini nitafika kwenye sehemu nzuri. Ndugu yangu, hata mimi naisubiri.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Mimi ni kocha wa mazoezi. Nafundisha watu kunyanyua vyuma bila kuumia. Jimu yetu ilipotaka wateja, Bosi aliniita nipigwe picha ya bango. Nikapigwa nikiwa nanyanyua chuma vibaya, tena makusudi, kwa sababu vibaya ndiko kulikopendeza. Kaka yangu, muuza mitungi ya gesi, aliyenilea tangu nina miaka tisa, akalibandika bango hilo dukani kwake na kuanza kubeba mitungi kama nilivyosimama mimi. Niliwaambia kwamba sikujua anaiga. Wiki iliyopita tuliachana pale alipoinama kuchukua mtungi mkubwa wa hoteli, kiuno kikalia, akaenda chini na hakuinuka.

Walimpasua Jumapili. Mimi na shemeji tulikaa kwenye benchi la mbao tangu asubuhi, yeye ameshika viatu vya mumewe mapajani, vimefungwa ndani ya mfuko.

Daktari alitoka akiwa amechoka.

"Kile kipande laini kinachokaa katikati ya mifupa ya mgongo kilipasuka, kikabana mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Tumekiondoa. Sisi tumemaliza. Iliyobaki ni kazi yake mwenyewe, na mazoezi."

"Atatembea?" shemeji aliuliza.

"Akianza mazoezi mapema, anaweza. Akijilalia tu, misuli itanyauka, na hapo mama sitaki kukudanganya."

Shemeji akanigeukia, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Umesikia, shemeji? Mazoezi! Si ndiyo kazi yako? Mungu alituwekea mtu wetu mapema."

Mazoezi ndiyo yanayonilisha. Siku hiyo neno lenyewe lilinikaa kooni likakataa kushuka.

* * *

Jumatatu alikuja mtaalamu wa viungo. Dada mmoja mfupi, viatu vya raba, sauti ya kuamrisha. Kaka hajawahi kukutana na mtu asimpe jina. Yeye mwenyewe sokoni wanamwita Winchi, kwa kuwa alikuwa akishusha gari zima la mitungi peke yake huku anapiga mluzi. Huyu akambatiza pale pale: Dada Viungo.

"Haya baba, nyanyua kisigino cha kulia."

"Sinyanyui."

"Kinauma?"

"Hakiumi, wala sikisikii. Ila mimi nina kocha wangu. Huyu hapa, mdogo wangu wa tumbo moja. Ana cheti, tumekitia kwenye fremu. Akisema yeye, nafanya."

Dada Viungo alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Basi kocha, mwambie."

"Kaka," nikasema, "nyanyua kisigino."

Alijaribu. Alikunja uso, jasho likamtoka kwenye paji la uso na juu ya mdomo, vidole vya mikono vikakamata shuka. Mguu ulilala vile vile, kana kwamba si wake.

"Umemwona?" kaka akamwambia dada yule, anahema. "Kwa huyu najitahidi. Kwa mwingine sijitahidi."

Kisha akaingiza mkono chini ya mto akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Moyo wangu ulijua ni nini kabla macho hayajaona. Ilikuwa bado ina gundi ya ukuta wa duka.

"Dada, wewe umesoma. Hebu nitazamie, mimi nilikosea wapi? Maana nilikuwa nafanya hivi hivi. Miguu wima, sikunji goti. Mtungi nauacha mbele, mbali kidogo. Mgongo naukunja. Uso nageuza pembeni. Halafu navuta. Nimekosea wapi?"

Dada Viungo aliikunjua ile picha kwenye mapaja yake. Mimi pale, meno yote nje, mgongo umepinda kama mpini wa mwavuli.

"Baba," alisema taratibu, "huyu kwenye picha hajakosea kitu kimoja. Amekosea vyote."

"Dada, heshima yako!" Kaka alitaka kukaa, maumivu yakamrudisha chini. "Huyo ni kocha. Watu wanapanga foleni afundishe. Kama kuna aliyekosea ni mimi, mtu wa darasa la tano. Mimi ndiye niliyeiga vibaya."

"Na zamani, kabla ya picha hii, ulikuwa unabebaje?"

Kaka akacheka kwa aibu.

"Usiniulize. Nilikuwa nachuchumaa, naukumbatia mtungi kifuani, ndipo nasimama nao. Shati linachafuka, naonekana kama baba aliyebeba mtoto anayelia. Miaka ishirini nabeba hivyo! Hakuna aliyenifundisha, nilijibebea tu. Mpaka huyu akanifumbua macho."

Dada Viungo akaikunja picha kufuata mikunjo yake ile ile, akairudisha mkononi mwa kaka kwa adabu. Halafu akanionyesha mlango kwa kidevu.

* * *

Kwenye korido alisimama mgongo ukutani, akakunja mikono.

"Ni wewe yule?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua, dada. Kila siku nawapigia watu kelele: mgongo uwe ubao, chuma kikulambe miguu, kazi ifanye mapaja. Lakini chuma kikiwa karibu na mwili kinaziba jina la jimu kwenye fulana. Bosi akasema kisogezwe mbele. Mgongo ukinyooka, uso unaangalia sakafu. Mpiga picha akasema ninunie sakafu kwa ajili ya nani, nigeuke nicheke. Nikageuka, nikacheka."

"Na ule uzito? Mgongo namna ile ungekatika hapo hapo."

"Haukuwa uzito. Zile duara nyeusi zilikuwa za plastiki. Mpiga picha alikuja nazo kwenye begi la mgongoni."

Nesi mmoja akapita na toroli la mashuka, tukampisha.

"Nisikilize, kocha. Ile njia yake ya zamani, ya kukumbatia, ndiyo njia. Ndiyo ninayowafundisha watu mimi. Mgongo wake ulidumu miaka ishirini kwa sababu alikuwa anabeba sawasawa bila kuambiwa na mtu. Nikimwambia mimi hatanisikia. Umeona mwenyewe. Na mtu anayeamini amejivunja kwa ujinga wake hana haraka ya kusimama. Mwambie."

"Nikimwambia, ataacha kunisikiliza. Na ananisikiliza mimi peke yangu. Asipofanya mazoezi wiki hii..."

"Najua," alisema. "Hapo umejifunga mwenyewe. Sina la kukusaidia."

Akaenda zake, viatu vinalia sakafuni kwi, kwi, kwi. Nilitamani aniite mshenzi, ningepata la kujibu.

* * *

Jumanne nilimpigia simu Bosi.

"Bosi, naomba tuliondoe lile bango."

"Kuna mteja amelalamika?"

"Kaka yangu ameumia. Aliiga ile picha."

"Aisee, pole sana. Ni mwanachama wetu?"

"Hapana."

"Basi," alisema, na akashusha pumzi kama mtu aliyevuka barabara salama. "Kocha, mimi nilitaka kukupa habari njema. Lile bango limefanya kazi, jamaa. Tunalikuza. Ijumaa linapanda nje, urefu wa ghorofa mbili. Utaonekana mpaka stendi."

"Bosi, mkao ule si sahihi. Unajua si sahihi."

"Watu wananunua tabasamu, hawanunui uti wa mgongo. Msalimie kaka."

Akakata.

* * *

Hapa lazima niwaombe radhi, wasomaji wangu.

Nilisema hapo juu, na nimesema kila wiki tangu tuanze, kwamba sikujua kaka anaiga picha yangu. Mlinihurumia kwa hilo. Mama mmoja aliniandikia kwamba ni bahati mbaya tu, nisijilaumu. Barua yake nimeisoma mpaka karatasi imelegea.

Nilijua.

Wiki mbili kabla hajaanguka nilipita dukani kwake kuwasalimia. Kaka alikuwa na wabebaji wake wawili, bango liko ukutani juu ya mizani. Aliponiona alipiga makofi.

"Kocha mwenyewe huyo! Njoo ushuhudie. Nimeacha mambo ya kishamba."

Akasimama mbele ya mtungi mkubwa. Miguu wima. Akainama mgongo ukapinda, akanyoosha mikono mbele, akanigeuzia uso, akatabasamu. Akavuta. Mtungi ukapanda kwa sababu yeye ni Winchi, angeunyanyua hata kwa meno.

"Eti mdogo wangu, nimepatia?"

Wabebaji walikuwa wananitazama. Mmoja wao asubuhi hiyo alikuwa ameomba tupige picha pamoja. Ningesema nini? Kwamba lile bango ni uongo? Kwamba mtaalamu wao aliyepamba ukuta alipinda mgongo ili jina la fulana lionekane? Nilisema moyoni, huyu ana nguvu za punda, nitamwelekeza siku nyingine tukiwa wawili.

Nikasema: "Hapo hapo kaka! Safi kabisa. Umenizidi hata mimi."

Alifurahi mpaka akanishika mkono kwa mikono miwili. Yule aliyenivalisha viatu vya shule, akanishika mkono kama ananishukuru.

Siku nyingine tukiwa wawili haikufika. Sasa mnajua ninyi, na siku hiyo ya Jumanne alikuwa hajui yeye.

* * *

Alhamisi asubuhi kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza.

Sitii chumvi. Nilikuwa nimeshika kisigino chake kiganjani, nahesabu kama ninavyohesabia wateja, moja, mbili, sukuma kaka, sukuma, na kidole kikapepesa kidogo, kama kope.

"Kimecheza!" Shemeji alipiga kigelegele hadi mzee wa kitanda cha jirani akaamka. "Kimecheza, jamani, nimekiona kwa macho yangu!"

Kaka alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Si niliwaambia? Si niliwaambia huyu ni kocha?"

Shemeji aliyafuta machozi ya mumewe kwa ncha ya kitambaa chake. Kisha akatazama saa ya ukutani akashtuka, akaanza kukusanya vyombo.

"Mimi nakimbia dukani, Baba Pacha. Nitarudi jioni na nguo safi." Alipofika mlangoni akasimama. "Halafu shemeji, nilitaka kukuuliza. Ule uso, unageuza kabla ya kuvuta, au baada?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania, kwa furaha ya kidole.

"Nenda bwana, shemeji," nikamwambia.

Naye akacheka, akaenda.

Tulibaki wawili. Kaka alikuwa anakitazama kidole chake kama mtu anayetazama kifaranga kikitoka kwenye yai.

"Nikisimama," alisema, "cha kwanza unifundishe upya. Polepole, kama mtoto. Ile picha nimeilalia siku nne, naitazama, bado sijaona nilipokosea. Kichwa changu kizito, mdogo wangu. Usinichoke."

Hilo ndilo lililonivunja. Nilijua kabisa kwamba kidole kimecheza kwa sababu ananiamini. Nilijua nikinyamaza wiki moja tu, labda mbili, angesimama. Lakini kumsikia kaka yangu ananiomba msamaha kwa kosa langu! Sikuweza.

"Kaka, hukukosea."

"Unanibembeleza."

"Hukukosea. Umeiga sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea. Ule mkao ni mbaya, kaka. Tulipinda mgongo kwa ajili ya kamera. Chuma kilikuwa cha plastiki, ningekinyanyua kwa kidole. Ile njia yako ya kuukumbatia mtungi, ya zamani, ndiyo sahihi. Ndiyo iliyokuwa sahihi siku zote."

Mguu wake ulikuwa bado kiganjani mwangu, mzito na wa moto.

"Plastiki," alisema.

"Plastiki."

"Hata mimi ningecheka hivyo." Akatingisha kichwa, na wasomaji, aliniangalia kwa huruma! "Usilie. Acha. Picha ni biashara. Walikuambia simama hivi, ukasimama. Ungekataa wangemchukua mwingine. Sasa ungejuaje kwamba kuna mpumbavu mmoja dukani ataigeuza kuwa shule? Ungejua ungenikataza. Nakujua wewe."

Nilikuwa nimeshasamehewa. Nilichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa.

Nikashindwa hata hicho. Niliinamisha macho, na kaka, ambaye amenisoma uso tangu nina miaka tisa, akaacha kusema.

"Subiri," alisema. "Kuna siku ulikuja dukani."

Nilizidi kukitazama kisigino chake.

"Ulisimama pale kwenye mizani. Nikabeba, wewe unaona. Nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ulinijibu nini?"

"Kaka, nakuomba..."

"Nataka kusikia kwa mdomo wako. Ulinijibu nini?"

"Nilisema hapo hapo, kaka." Sauti yangu sikuitambua. "Safi kabisa. Umenizidi hata mimi."

Hakupaza sauti wala hakunitukana. Alifumba macho. Kisha, mguu ule uliokataa tangu Jumatatu, mguu ulioshindwa hata kuchezesha unyayo, ulisogea. Niliuhisi. Ulikwaruza shuka, ukajitoa kiganjani mwangu taratibu, inchi kwa inchi, mpaka mkono wangu ukabaki mtupu.

Huo ndio mwendo wa kwanza wa kaka yangu. Aliutumia kuniondokea.

Nilisimama. Nilitaka kusema kitu, sikumbuki tena ni kitu gani. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa.

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Gari la mitungi linashusha Alhamisi." Alifungua macho. "Saa sita."

"Wabebaji wapo, kaka, usiwaze hayo."

"Mbebaji gani? Mmoja aliacha kazi siku ile ile niliyoanguka, alisema mgongo wake bado anauhitaji. Mwingine yuko mitaani na pikipiki, anasambaza." Akashika chuma cha kitanda. "Dereva anashusha mpaka mlangoni tu. Kuingiza ndani anaingiza Mama Pacha."

"Shemeji? Mitungi mikubwa?"

"Alikuwa anaiburuza, nikamwambia asiburuze, atapasua sakafu. Nikamfundisha." Akaitoa picha chini ya mto. "Nimemfundisha mimi, hapa hapa kitandani, jana, kwa hiyo picha. Nikamwambia mimi nilikosea, wewe ifuate vizuri. Miguu wima. Mgongo ukunje. Uso geuza."

Niliitoa simu. Nikampigia. Mlio ukasikika chumbani humo humo. Simu ya shemeji ilikuwa juu ya kabati dogo la kitanda, kwenye chaji.

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika tano.

"Kimbia," kaka alisema.

"Kaka, nisamehe."

"Yetu baadaye. Kimbia! Na usinirudie humu bila yeye!"

Nilikimbia.

Mimi huwaambia wateja wangu wapumue kwa pua, wasikaze mabega. Nilikimbia mdomo wazi, mabega masikioni, nagonga watu wenye maua na watu wenye vyeti vya dawa. Mlinzi wa geti alinipigia filimbi. Kutoka hospitali hadi dukani ni mitaa mitatu. Mtaa wa kwanza wa mafundi viatu, wa pili wa wauza vioo, na vioo vyote vile vilinionyesha mtu mzima anakimbia huku analia, tena vibaya, miguu nje. Kwenye kona ya tatu ni jimu yetu. Mafundi walikuwa wameshapanda ngazi, wanafunga kamba. Kumbe Bosi hakusubiri Ijumaa. Bango lilikuwa limefunuliwa nusu, kuanzia juu, na uso wangu mkubwa kama mlango wa gereji ulikuwa unamchekea kila apitaye.

Sikusimama.

Nilipokunja kuingia mtaa wa duka, gari la mitungi lilikuwa linaondoka. Dereva alinipungia mkono. Mitungi ilikuwa imepangwa mlangoni, midogo nyuma, mikubwa ya hoteli mbele.

Shemeji alikuwa pale. Alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni, amekaza. Amesimama mbele ya mtungi mkubwa kuliko yote, miguu wima, hatua nzima nyuma yake. Akainama. Mgongo ukapinda. Akanyoosha mikono, akashika masikio ya mtungi.

"Shemeji!" nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote. "Shemeji, acha! Usivute!"

Pikipiki mbili zilipita katikati yetu kwa kishindo. Sijui alisikia nini. Alisikia sauti yangu, hilo najua, maana alishtuka kidogo. Akaitambua.

Akanigeuzia uso, vile vile, pembeni na juu kidogo, kama nilivyougeuza mimi mbele ya kamera. Akanionyesha meno yote, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu la swali lake.

Akavuta.